Msimu wa Raga Huanzia kwa Propu: Ushauri kwa Klabu Ndogo za Nakuru, Kisumu na Kakamega

Klabu nyingi za raga ya ridhaa zinapoanza msimu, mazungumzo ya kwanza huwa juu ya mawinga: nani ana mbio, nani amerudi kutoka Dala au Prinsloo, mashindano ya wachezaji saba kila upande, akiwa moto. Mbio zina kazi yake. Lakini ligi ya wachezaji 15 kila upande haipotei pembeni mwa uwanja. Hupotea katikati, wiki ya tano au ya sita, timu inaposhuka ugenini na propu wawili na nusu, huyo wa nusu akiwa amefungwa bega na bado anasema yuko sawa. Propu ni mchezaji wa pembeni wa safu ya kwanza kwenye skramu, pale fowadi, wale wanane wa mbele wa kila timu, wanaposhikana na kusukumana kugombea mpira.

Ndiyo maana tunawashauri makocha na manahodha wahesabu kikosi wakianzia jezi nambari 1, 2 na 3: propu wawili, na huka katikati yao. Sheria ya mchezo iko wazi. Ukiandika wachezaji 23, sita kati yao lazima wawe wamefunzwa kucheza safu ya kwanza ya skramu. Ukisafiri na 19 hadi 22, wanatakiwa watano. Ukiwa na 16 hadi 18, wanne. Ukiwa na 15 au chini yake, watatu. Klabu ndogo husafiri na 18 mara nyingi, kwa hiyo ina mtu mmoja tu wa akiba kwa nafasi tatu, na huyo mmoja akiwa huka tupu asiyejua kazi ya propu, akiba hiyo haipo.

Wasipobaki wa kutosha, refa huamuru skramu zisizo na kusukumana. Hapo timu inayotumbukiza mpira inaupata bila jasho, na wewe unapoteza silaha yako ya kupata penalti karibu na mstari wa trai, pale mpira unapogusishwa chini kupata alama. Soma pia kanuni za ligi yenu kabla ya mechi ya kwanza, kwa sababu mashindano yanaweza kuweka adhabu yake juu ya hayo.

Kwa msimu mzima, lenga watu tisa wa safu ya kwanza kwenye daftari: watatu kwa kila nafasi. Tisa inaonekana nyingi hadi ukumbuke kazi zao. Mmoja ni askari na zamu yake hubadilishwa Ijumaa jioni. Mwingine yuko kiwanda cha sukari. Wawili ni wanafunzi wa Egerton, Maseno au Masinde Muliro, na ratiba ya mitihani haijali ratiba ya ligi. Chukua kalenda za vyuo mapema na uweke alama tarehe za mitihani juu ya tarehe za mechi. Utaona mara moja ni Jumamosi zipi utakuwa mtupu.

Propu hapatikani sokoni, hutengenezwa. Mtafute kwa maloku wazito, wale wa safu ya pili, na maflanka, wale wa ubavuni mwa skramu, wanaoanza kuchelewa kufika kwenye raki (pale timu zinapogombea mpira ulio chini), mwenye shingo fupi, mgongo imara na moyo wa kurudia jambo lilelile mara hamsini. Mpe wiki nane kabla hujamwingiza kwenye skramu ya mechi. Wiki mbili za kwanza ni shingo na umbo: akiwa amepiga magoti na mikono chini, mwenzake anamsukuma kichwa taratibu kwa kiganja mbele, nyuma, kushoto na kulia, sekunde 10 kila upande, mara tatu, naye anakaza bila kusogea. Wiki mbili zinazofuata ni mmoja kwa mmoja. Halafu watatu kwa watatu, halafu watano kwa watano, na nane kwa nane mwishoni kabisa. Mashine ya skramu ni kitu kizuri, lakini kukosa mashine si kisingizio; jozi mbili za watu wanaosukumana kwa utaratibu zinafundisha mengi kuliko chuma, kwa sababu chuma hakijibu.

Skramu ikianguka kila mara, watu hulaumu uzito. Sababu huwa nyingine, na inaonekana kwa macho ukisimama kando. Tazama miguu kwanza. Propu aliyeacha miguu nyuma sana amelala kama ngazi ukutani; akisukumwa kidogo tu, anateleza na kifua kinafika chini. Magoti yapinde, miguu ikae upana wa mabega, na mabega yasishuke chini ya kiuno kamwe. Kisha tazama mshiko. Propu wa kushoto hupitisha mkono wake wa kushoto ndani ya mkono wa kulia wa mpinzani, na wa kulia hupitisha mkono wake wa kulia nje. Wote washike jezi mgongoni au ubavuni. Anayeshika mkono wa mwenzake anamvuta chini, na refa atampuliza. Jezi zinazobana mwili kama ngozi huwanyima propu pa kushika, kwa hiyo wakati wa kushonesha, agiza za safu ya kwanza zenye kitambaa kigumu zaidi. La tatu ni maloku wenye papara. Wakisukuma kabla mbele hawajatulia, wanamkunja propu wao wenyewe. Waambie wasubiri mpira uingie.

Viatu pia huangusha skramu. Januari uwanja ni mkavu na mgumu kama sakafu, na njumu za chuma hazizami. Tumia za plastiki. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, na hasa Kakamega ambako mawingu hufunguka alasiri wakati uleule wa mechi, fowadi wote wanahitaji njumu ndefu za kufungua na kufunga. Mwisho unaokubalika ni milimita 21. Beba koleo, na njumu 20 za ziada kwenye kopo. Zipitishe kidole kabla refa hajafanya hivyo: njumu iliyolika na kutoa ncha kali itamrudisha mchezaji benchi.

Anayetaka kuona kazi ya fowadi waliopangika, aende siku moja uwanja wa maonyesho wa Kakamega kuwatazama klabu ya Kabras wakiendesha moli, lile fungu la wachezaji waliosimama wakisukuma pamoja na mwenye mpira. Walibeba Kenya Cup, ligi kuu ya raga nchini, kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na kabla yao Nakuru walikuwa wameitwaa 2013 na 2014. Kombe hilo linaweza kukaa nje ya Nairobi. Klabu ya daraja la chini haitafika huko mwaka huu, lakini inaweza kujifunza lainauti yao (mpira uliotoka nje ukirushwa kati ya mistari miwili ya wachezaji, na mrukaji akinyanyuliwa kuudaka) kwa gharama ya godoro moja kuukuu. Kata vipande vya sponji vya upana wa viganja vitatu, uvifunge kwa utepe juu kidogo ya goti la mrukaji, kwa mbele. Mnyanyuaji wa mbele anashika chini tu ya sponji hiyo, wa nyuma anashika chini ya makalio. Bila sponji, mikono yenye jasho huteleza na mrukaji hushuka kwa kichwa. Miito mitatu ya lainauti inatosha timu isiyofanya mazoezi zaidi ya mara mbili kwa wiki. Klabu huandika kumi na mbili, na dakika ya 60 mrushaji na mrukaji wanafikiria mipira miwili tofauti.

Sasa pointi. Ushindi ni pointi nne, sare mbili. Kuna moja ya ziada kwa trai nne, na moja kwa timu iliyoshindwa kwa tofauti ya alama saba au pungufu. Klabu nyingi hujua hivi kwa kichwa na kuvisahau kwa miguu. Piga hesabu hii na nahodha wako mapema, si uwanjani. Mko nyuma kwa alama 10, dakika ya 78, mnapewa penalti mbele ya milingoti mita 25. Mkwaju ukiingia ni alama tatu, tofauti inabaki saba, na mna pointi moja mkononi. Vijana watataka kona, yaani kuupiga mpira nje karibu na kona ili wapate lainauti, kwa sababu kona ina kelele. Kwa lainauti inayopoteza mpira mara kwa mara, kona ni kamari. Pigeni milingoti.

Mkiwa nyuma kwa 12 hali inageuka: mkwaju unaacha tofauti ya tisa, hauna faida, lakini trai ya alama tano inawafikisha saba hata kama mkwaju wa nyongeza baada ya trai utapaa nje. Hapo nendeni kona bila kusita. Mkiwa nyuma kwa 14, trai peke yake haitoshi, kwa hiyo mfungaji wa trai ajitahidi kuingia kati ya milingoti ili mpigaji apate pembe rahisi. Na jambo ambalo wengi hawalijui: muda ukiisha mkapewa penalti, bado mnaweza kuipiga nje na lainauti ikachezwa. Mchezo haufi hapo. Timu ambayo haikuwahi kufundishwa hili huugonga mpira kwa haraka na kuupoteza.

Mwisho wa msimu, anayeshuka daraja na anayebaki hutenganishwa na pointi moja au mbili, na hizo hupatikana siku ambazo timu ilishindwa.

Safari zinahitaji uzito wake. Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho ni kama kilomita 180, na malori ya mlimani hayana haraka na mtu. Kwa mechi ya saa tisa alasiri, gari liondoke saa kumi na mbili asubuhi. Basi la viti 33 linatosha wachezaji 23, kocha, mtu wa huduma ya kwanza, vifaa na mashabiki wachache wanaolipa nauli. Matatu mbili za viti 14 huonekana rahisi, lakini moja ikiharibika njiani ndiyo huwa imebeba propu. Kusanyeni nauli kwa M-Pesa kufikia Jumatano, mwisho saa sita usiku. Anayesema atalipa stendi, mhesabu kuwa haji na umpigie mwingine.

Miinuko inabadilisha mchezo. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850, Eldoret karibu 2,100. Timu ya ziwani ikipanda Eldoret hukata pumzi dakika 20 za mwanzo. Icheze kwa mateke marefu na raki fupi hadi pumzi itulie, na mpigaji akumbuke kwamba mpira huruka mbali zaidi huko juu. Timu ya Nakuru ikishuka Mamboleo, Kisumu, shida si hewa, ni joto la kunata. Hao wanywe maji tangu Ijumaa.

Kwa maji, beba madumu matatu ya lita 20. Kila mchezaji anywe kama nusu lita saa mbili kabla ya mechi, na mafundo machache kila mchezo unaposimama. Kwa dumu moja, tengeneza mchanganyiko wa chumvi na sukari: kila lita ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Ukizidisha chumvi utawatapisha. Chakula kikubwa, ugali na mboga na nyama, kiliwe Ijumaa usiku. Asubuhi ya mechi ni uji, chapati, mayai na ndizi, saa tatu au nne kabla. Maharagwe na githeri vingoje Jumapili.

Mkiwa wenyeji, fikeni uwanjani saa moja asubuhi. Ng'ombe huwa wamelala hapo. Watu kumi wajipange mstari, bega kwa bega, watembee uwanja mzima wakiokota mawe, chupa na kinyesi. Mistari ipakeni kwa rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa, kamwe si chokaa ya ujenzi. Chokaa ikikutana na jasho inachoma ngozi, na ikiingia machoni ni hatari kubwa. Milingoti ivalishwe magodoro na turubai, yasizidi sentimita 30 kutoka mstari wa goli. Gari la wagonjwa liwe na njia iliyo wazi hadi barabarani, na dereva ajue tayari hospitali ya rufaa anayokwenda.

Kuhusu kichwa, hapa hakuna mapatano. Mchezaji akigongwa akayumba, akakaa chini akishika kichwa, akasahau alama ziko ngapi au akauliza swali moja mara mbili, anatoka na harudi siku hiyo. Kile kipimo cha dakika chache mnachokiona kwenye runinga ni cha raga ya kulipwa yenye madaktari wake, sisi hatuna. Akilalamika shingo au ganzi mikononi, asiguswe wala kugeuzwa hadi wahudumu wafike, hata kama refa atasubiri nusu saa.

Usiku wa kwanza aliyegongwa kichwa asilale peke yake. Mkabidhi mtu kwa jina: mke, kaka, mwenzake wa chumba. Mpe mtu huyo dalili kwa maandishi kwenye simu: kutapika, kichwa kuuma kwa kuzidi, usingizi mzito hata haamshiki, maneno kuchanganyika, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, degedege. Ikitokea hata moja, ni hospitali usiku huohuo. Asinywe pombe, asiendeshe boda, asimeze aspirini wala ibuprofeni. Mwongozo wa World Rugby kwa raga ya jamii ni kwamba asirudi kwenye mechi kabla ya siku 21, na arudi kwa hatua: kutembea, kukimbia polepole, mazoezi ya mpira bila kugongana, na kugongana mwisho kabisa. Andika tarehe ya siku ya 22 kwenye daftari la klabu. Kama ni propu, tafuta mbadala wake Jumapili hiyohiyo, ili kusiwe na mtu wa kumbembeleza aharakishe.