Kapu na jeto: kupitisha vitu toka paje moja kwenda ingine mu PHP

Badogo bangu benye kuanza PHP (lugha ya kutengeneza tovuti) huku Goma, hili swali naulizwa karibu kila wiki: jina nimeliandika ku paje ya kwanza, mbona ku ya pili iko tupu? Juu serveri, ile mashine yenye kubeba tovuti, haina kichwa ya kukumbuka. Ikishakujibu imekusahau, HTTP yenyewe (njia brauza na serveri zinaongea) imejengwa vile, ombi la pili linafika kama mutu hajawahi kupiga hodi.

Kama ni kutafuta kitu ao namba ya paje, tia mu adresi, utakipata mu $_GET, basi. Neno la siri usilitie pale hata siku moja, adresi inabaki mu istoria ya brauza na mu logi za serveri. Fomu yenye kuandikisha mutu, tumia POST, yenye haitii vitu mu adresi.

Sasa fasi batu banaangukia. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa, mama mmoja muuza vitenge alitaka batu baagize ku simu. Bei ya jumla nikaiweka mu input ya type="hidden", fasi ya fomu yenye haionekane ku paje, nikaona nimemaliza, nani ataiona? Kiisha siku chache ikaingia komande ya vitenge sita, jumla dola 6. Kijana alifungua kodi ya paje, akafuta 90, akaandika 6, akatuma. Mama aliniangalia tu, hakusema kitu, heri angenitukana. Toka ile siku brauza inanitumia namba ya kitenge na ngapi anataka, bei serveri inajitafutia mu baze, ile database ya duka (na ile ngapi nayo uichunguze, kuna mwenye kuandika -3).

Vya kukaa toka paje hadi paje, weka mu seshoni. Ni kama kuingia mu magazini, kapu unaiacha ku mlango banakupa jeto, kapu iko kwabo we unatembea na namba tu. Ile namba njo kuki PHPSESSID (kuki ni kitu kidogo brauza inatunza), vitu vyenyewe viko mu $_SESSION, upande wa serveri. Mwenye kuiba jeto anabeba kapu yako, kwa hiyo mutu akishaingia na neno lake la siri, piga session_regenerate_id(true) palepale, jeto ipate namba mupya.

session_start(), yenye kufungua seshoni, iandike juu kabisa, ku kila paje, juu kuki inapashwa kutoka mbele ya kitu chochote cha paje. Mimi nilikesha na ile eror ya "headers already sent", umeme ulirudi saa tano usiku, saa nane njo nikaona: mstari mutupu mumoja juu ya <?php, tena mu faili ingine nilikuwa nimeiita na include. Ukitumia header('Location: ...') kumutuma mutu ku paje ingine, ongeza exit chini yake, bila ile exit, kodi inaendelea kutembea hata kama mutu umeshamutuma kwingine.

Na kapu habailindi milele. Ku mipangilio ya kawaida, sekunde 1440 bila kuguswa, ni dakika 24 tu, PHP inaweza kuifuta. Hapa kwetu mutu mega zinamuishia katikati ya komande, anashuka kutafuta zingine, anakutana na jirani banaongea, akirudi hakuna kitu. Komande yenye imeanza mimi naiandika mu baze palepale, hata kama hajalipa.