Nitendewe: somo la Kiswahili kwa mwalimu anayetetemeka

Makala haya nimeyasema kwa mdomo, na mjukuu wangu wa kidato cha pili ndiye aliyeyachapa kwenye simu. Kila baada ya sentensi mbili tatu ananikatiza: "Babu, paza sauti." Mimi masikioni mwangu najisikia nazungumza kama kawaida, kumbe kinachotoka nje ni mnong'ono. Parkinson, ugonjwa huu wa ubongo unaotetemesha mwili, ina tabia hiyo. Inakunyang'anya kitu, na wewe mwenyewe unakuwa wa mwisho kupata habari.

Nimefundisha Kiswahili shule za msingi mkoani Kilimanjaro kwa miaka 31, na jioni nilikuwa mwalimu wa kwaya ya kigango. Yaani mkate wangu ulitoka kwenye mkono na sauti. Kilichoondoka kwanza kilikuwa harufu ya maua ya kahawa. Mvua zikinyesha, shamba likawa jeupe, watu wakavuta pumzi na kusifia, mimi nikawa nasikia hewa tupu. Nikadhani ni mafua. Baadaye watoto wa madawati ya nyuma wakaanza kulalamika kwamba maandishi yangu ubaoni yanaanza makubwa na kuishia kama siafu. Kisha kidole gumba cha mkono wa kulia kikaanza kusuguana na cha shahada chenyewe, kama mtu anayesokota ugoro.

Majirani wakawa na maelezo yao. Wengine walisema pombe, na ni kweli mbege sikuwahi kuikataa siku ya sikukuu, lakini si kwa kiasi hicho. Wengine wakasema ni mkono wa mtu. Ilinichukua miaka miwili, hospitali tatu na vidonge vingi vya maumivu visivyohusika mpaka daktari mmoja alipoagiza nitembee ukumbini, akanitazama jinsi mkono wa kulia usivyopunga, akaniambia jina la ugonjwa. Miaka ya 2000 watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, huku huku kwetu, wakiwatafuta wenye Parkinson, na wengi wa waliowakuta walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Nilipoelezwa hilo nilipata faraja ya ajabu kidogo. Sikuwa mjinga peke yangu.

Sasa nianze na kosa langu, maana ushauri wangu wa kwanza umetoka humo. Mwaka wa kwanza wa dawa nilipelekwa kwenye maombi. Mtumishi, ambaye simtaji, alinishika kichwa, akaniambia nimepona, na kwamba kuendelea kumeza vidonge ni kumwambia Mungu mwongo. Nikaacha. Siku ya tatu nilikuwa gogo. Mke wangu na shemeji yangu walinigeuza kitandani kama gunia la mahindi, na daktari aliponiona hakuficha hasira yake: dawa hizi haziachwi ghafla, unaweza kufa. Niliporudi nyumbani nikaona aibu mbili, ya kudanganywa na ya kutopona. Hiyo ya pili ndiyo iliyouma zaidi, kwa sababu nilijiambia imani yangu ni haba.

Aliyenitoa hapo ni Trofimo. Ukifika mwisho wa Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya nne, Paulo anatoa salamu na habari za wenzake, kisha anasema hivi hivi tu: "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Paulo huyo huyo ambaye Matendo ya Mitume inasema leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona! Na rafiki yake anamwacha njiani anaumwa, hamlaumu, hasemi imani yake ilipungua. Timotheo naye alikuwa na tumbo la kusumbua na magonjwa ya mara kwa mara, akaandikiwa atumie mvinyo kidogo. Ndugu yangu unayeumwa, mtu akikwambia ugonjwa wako ni ushahidi dhidi ya imani yako, mwulize habari za Trofimo. Na dawa zako meza.

Mimi namezea kengele. Parokia yetu bado inagonga kengele ya sala ya Malaika wa Bwana saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni, na daktari aliponipangia levodopa, dawa ya Parkinson, mara tatu kwa siku nikaona saa zimeshapangwa tayari. Kengele ikilia, nameza, nasali, halafu nasubiri nusu saa kabla ya kula, kwa kuwa nyama na maharage hugombania njia na dawa hii tumboni, na nyama ndiyo hushinda. (Upupu ule unaotuwashaga utotoni una levodopa ndani ya mbegu zake. Usiende kuuchuma na kujitibu. Nausema kwa sababu kila nikiukumbuka nacheka.) Sala yenyewe nilikuwa nimeisali tangu Komunyo ya kwanza, bila kuisikia. Ilikuwa ni mchana mmoja, kidonge kimegoma kufanya kazi, mguu umekaza, mate yananitoka, nikafika pale Bikira Maria anapomjibu malaika: "Ndimi mtumishi wa Bwana, nitendewe ulivyonena." Nikakwama kwenye neno. Nitendewe.

Miaka 31 nimeandika ubaoni mnyambuliko wa vitenzi: tenda, tendea, tendwa, tendewa. Watoto wakiimba baada yangu. Wala siku moja sikujiuliza mimi mwenyewe naishi katika kauli ipi. Jibu ni kwamba nilikuwa mtu wa kutenda. Nilifundisha, niliongoza, nilipiga fimbo pia, Mungu anisamehe, nilijenga, niliamua. Hata sala zangu zilikuwa ripoti za kazi. Ugonjwa ukanihamisha kauli kwa nguvu: nikaoshwa, nikavishwa, nikalishwa, nikavushwa barabara. Nikaona nimeshuka cheo, kwamba sasa mimi si mtu kamili.

Basi jioni ile nikachukua Kanuni ya Imani, nikaisoma kama mwalimu anayesahihisha daftari. Mwana wa Mungu, tunachokiri juu ya siku zake za mwisho ni nini? Akateswa, akasulibiwa, akafa, akazikwa. Ondoa hicho kimoja cha kufa, vingine vyote vinaishia na -wa. Aliyetembea, aliyefundisha, aliyeponya, kazi yake kubwa kuliko zote aliifanya akiwa anatendwa, mikono imefungwa. Sina elimu ya teolojia na wasomi watanisahihisha, lakini tangu hapo sijaona tena kuvishwa shati kama kushuka cheo.

Nasema hivyo sasa. Kukubali kulichukua muda. Kuna asubuhi nilimfokea mke wangu kwa ajili ya vifungo vinne vya shati. Nilitaka nivifunge mwenyewe, tukachelewa misa, naye akasimama mlangoni na kanga yake begani bila kusema neno. Jumapili hiyo hiyo nilijiona ndani ya Petro, Yesu alipotaka kumwosha miguu: "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Tumezoea kulisikia neno hilo Alhamisi Kuu tukafikiri Petro alikuwa mnyenyekevu. Alikuwa na kiburi kama changu. Yesu anamjibu kwa ukali, kwamba asipotawadhwa hana shirika naye. Nilirudi nyumbani nikamwomba mke wangu msamaha, nikamwomba na anifunge vifungo, na tukakubaliana jambo moja la vitendo ambalo nawashauri wenye nyumba kama yangu: kile ninachoweza, hata kwa dakika 20, niachiwe; nikisema "nisaidie", nisaidiwe bila hotuba.

Nisiwadanganye kwamba baada ya hapo ni furaha tu. Kuna miezi nilikuwa nalala macho wazi hadi alfajiri, sitaki mtu, sitaki hata kwaya. Nilikiri kwa padre kama dhambi ya kukata tamaa. Padre yule, kijana ambaye ningeweza kumzaa, alinisikiliza halafu akaniuliza kama nimemwambia daktari. Nilishangaa. Kumbe huzuni ya aina hiyo ni sehemu ya Parkinson yenyewe, inatoka kwenye ubongo ule ule unaoutetemesha mkono, na ina matibabu. Nilipewa. Padre aliniagiza pia nisome Zaburi ya 88 kila siku kwa wiki moja. Isome. Zaburi nyingi za kilio huishia na shukrani. Hii inaishia na marafiki kutengwa, na giza, basi. Iko ndani ya Biblia, na walioiandika hawakufukuzwa. Nilisali kwa maneno hayo kwa sababu yangu yalikuwa yamekwisha.

Kuhusu kuombewa na jumuiya. Wanajumuiya wakija, wengi hawajui la kusema, wanasema "Mungu anakupima". Nimejifunza kuwapa kazi: huyu anisomee Injili ya kesho, huyu anipeleke mpaka kwenye mgomba wa mwisho na kunirudisha. Na Mpako wa Wagonjwa usiungoje mpaka ukate roho. Mama mmoja wa jumuiya yetu alilia alipomwona padre na mafuta kwangu, akidhani nakufa. Yakobo anasema wazee wa kanisa waitwe kwa asiyeweza. Hajasema kwa maiti mtarajiwa. Nimepakwa mara tatu sasa. Mkono unatetemeka vile vile, ila usiku ule nililala.

Kuna vitu vidogo pia. Rozari mkononi hutuliza mtetemeko wangu, nikaishangilia kama muujiza mpaka daktari aliponieleza kwamba mtetemeko wa Parkinson huzidi mkono ukiwa umepumzika na hupungua ukiwa na shughuli. Bado naishangilia. Na miguu ikiganda, hasa mlangoni, ambapo mtu unasimama kama umepigiliwa misumari huku watu nyuma wanasubiri, wimbo huifungua. Uwe na mapigo ya wazi, mawili au manne, uhesabu moyoni, hatua ya kwanza ianguke kwenye pigo la kwanza. Mke wangu ana mbinu yake: anaweka mguu wake mbele ya wangu niuvuke, na navuka. Zamani niliwahesabia wengine mapigo, wao wakaimba. Siku hizi waimbaji wangu wa zamani wakiniona nimekwama mlangoni mwa kanisa huanza kuimba taratibu, sauti zote nne, mpaka niingie.

Mwaka 1990 mwezi Septemba Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja Tanzania, nami nilikuwa kwenye umati, kijana, nikivutiwa na sauti yake na jinsi alivyotembea kama mwanamichezo. Mwaka 2005, Pasaka ya Machi 27, nilimwona kwenye televisheni ya jirani. Alikuwa na Parkinson kwa miaka mingi. Wakamleta dirishani, akasogezewa kipaza sauti, akajaribu, sauti ikakataa. Akanyanyua mkono, akabariki kimya. Siku sita baadaye alifariki. Wakati ule nilimwonea huruma na nikasema, si wangempumzisha mzee wa watu? Leo hiyo ndiyo baraka yake ninayoikumbuka kuliko hotuba zote. Nikiwa nimekaa benchi la pembeni kwaya inaimba bila mimi, huwa nanyanyua mkono huu wa kulia, unaotetemeka, nawapigia mapigo kwa siri. Ninachelewa kila mara. Mwalimu wa sasa ananiona na anajifanya haoni.

Mjukuu anasema chaji inaisha, na kengele ya saa 12 jioni imeanza kugonga. Ameshaweka simu chini, amekwenda kuniletea maji na kile kidonge. Atanifungulia na kifuniko.