Maswali ya Wasomaji: Dimensheni ya Nne Ingeubadilishaje Ulimwengu?

SWALI: Mhariri, mwanangu wa kidato cha tatu ananiambia huenda nafasi ina dimensheni zaidi ya tatu. Mbona basi hiyo ya nne hatuioni?
– Mzazi, Kondele, Kisumu

JIBU: Tatu tunazozijua ni mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. (Wakati hatuuhesabu hapa, wengi huchanganyikiwa papo hapo.) Ya nne hutafutwa kwa mvutano, nguvu inayoangusha vitu chini na kuzishika sayari. Tazama taa ya wavuvi wa omena usiku pale Dunga: umbali ukiwa maradufu, mwanga unaokufikia ni robo. Mvutano nao hupungua vivyo hivyo. Kungekuwa na dimensheni ya nne iliyo wazi kama hizi tatu, mvutano ungebaki thumuni, yaani sehemu moja ya nane, na hapo hatari ipo: mwaka 1917 mwanafizikia Paul Ehrenfest alionyesha kwamba sayari haingedumu katika njia yake. Ikiguswa kidogo tu, ama ingelivamia jua ama ingetokomea.

Basi kama ipo, imejikunja ikawa ndogo mno, wazo alilolitoa mwanafizikia Oskar Klein mwaka 1926. Fungulia maji kwenye mtaro wa shamba: mwanzo hutawanyika kila upande, yakishagusa kingo zote mbili huenda kwa urefu tu. Anayetaka kuuona upana wa mtaro sharti apime karibu sana na chanzo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walipima mvutano hadi umbali wa mikromita 52, karibu unene wa unywele, na mwaka 2020 wakatangaza kwamba sheria ya robo bado inashika.

SWALI: Kitu kidogo hivyo kitaathirije historia ya ulimwengu mzima?
– Mwanafunzi, Njoro, Nakuru

JIBU: Athari yake ingekuwa mwanzoni, ulimwengu ulipokuwa umesongamana mno. Chukua nadharia ya wanafizikia Lisa Randall na Raman Sundrum ya mwaka 1999, ambamo sisi tumo kwenye utando ulio ndani ya nafasi yenye dimensheni moja zaidi, mfano wa gugumaji lililotanda juu ya ziwa lenye kina. Kwa hesabu ya kawaida, msongamano ukiwa mara nne, kasi ya kutanuka huwa mara mbili. Kwenye utando, msongamano ukiwa mkubwa kupita kiasi, mara nne huzaa mara nne. Ulimwengu mchanga ungetanuka mbio zaidi.

Kipimo cha mbio hizo ni gesi ya heliamu. Dakika chache baada ya Mlipuko Mkuu, yaani mwanzo wa ulimwengu, kulikuwa na nyutroni 1 kwa kila protoni 7 (hizi ni chembe zinazounda kiini cha atomu). Chukua nyutroni 2 na protoni 14: nyutroni zote mbili hushika protoni mbili, ikapatikana heliamu moja yenye uzito wa 4, kati ya jumla ya 16. Hiyo ni asilimia 25, na ndiyo inayokaribiana na vipimo vya gesi kongwe angani. Ulimwengu ungetanuka haraka zaidi, nyutroni zisingepata muda wa kugeuka protoni. Tuseme zingekuwa 1 kwa 5: heliamu ingefika 4 kati ya 12, yaani asilimia 33, nasi hatuioni. Kwa hiyo dimensheni ya ziada, kama iliuharakisha ulimwengu, ilibidi iwe imeuachilia kufikia sekunde ya kwanza hivi.

SWALI: Je, kutanuka kunakoongeza kasi siku hizi hakutokani na mvutano kuvuja nje, kwenye dimensheni ya ziada?
– Mwalimu wa fizikia, Kakamega

JIBU: Wanafizikia Dvali, Gabadadze na Porrati walitoa modeli ya namna hiyo mwaka 2000. Lakini tarehe 17 Agosti 2017 yalinaswa mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya nafasi yenyewe, ya nyota mbili za nyutroni (masalia mazito mno ya nyota zilizokufa) zilizogongana, umbali wa miaka ya nuru takriban milioni 130. Yangevuja njiani, yangefika yamefifia na nyota zingeonekana ziko mbali kuliko galaksi yao. Umbali wa mawimbi na wa galaksi ulilingana, kwa hiyo dalili ya kuvuja haikuonekana.