Barua kwa mwanangu: kuhusu dengu za shamba la chini

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama dengu zitastahimili ukame kule shamba la chini, maana siku hizi mvua zinakatika mapema. Zitastahimili. Mzizi wake unashuka mbali, na udongo ule mzito hukaa na unyevu muda mrefu. Mvua zikielekea kuisha unapanda, na baada ya miezi mitatu hadi minne unavuna. Jua halizisumbui sana, maji yanayotuama ndiyo yanayoziua. Na mvua ikirudi zikiwa kwenye maua, ugonjwa wa ukungu unaweza kumaliza shamba zima.

Lakini mimi ningeuliza nani atazinunua. Zao la kupeleka nje huuzwa kabla halijapandwa. Najua umechoka kunisikia.

Mwaka ule wa 2017 ulikuwa bweni, ulisikia nusu tu. Tulizing'oa alfajiri na umande wake, ili maganda yasipasuke na kumwaga punje. Majani ya dengu yana tindikali, na yakiwa mabichi kwa umande yanawasha vibaya. Baba yako alilala na mikono kwenye beseni la maji. Mnunuzi alishatutajia bei kwa mdomo. Akachukua punje moja, akaing'ata, ikalia ka! Akasema, "Hizi zimekauka sawasawa." Tukafurahi sana siku ile.

Desemba India, kule zinakopelekwa dengu zetu, ikaweka ushuru wa asilimia 30 kwa dengu zinazoingia, na kufikia Machi 2018 ulishafika asilimia 60. Wao ndio wanaolima dengu nyingi kuliko wote duniani, na ndio walaji wakubwa. Wakivuna vizuri wanafunga mlango, wakipungukiwa wanafungua. Mei 2024 waliuondoa ushuru kwa dengu za desi, zile ndogo za kahawia, Aprili 2025 wakarudisha asilimia 10.

Mnunuzi akaja tena, safari hii na chekeche. Punje zilezile sasa zikawa ndogo, rangi mbaya, takataka nyingi. Neno ushuru hakulitamka hata mara moja. Angelisema tungemwelewa! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko hela.

Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akisema ukingoja mnunuzi hutapanda kitu. Na alikuwa na hoja. Msimu uliofuata mahindi ya pale yalistawi kuliko ya shamba la juu, kwa sababu dengu hujitengenezea naitrojeni mizizini na nyingine hubaki udongoni. Kwa hiyo hata zisipouzwa vizuri, shamba linafaidika. Ila deni la mbegu halilipwi na udongo, na zao la kupeleka nje huuzwa kabla halijapandwa.

Sitakuambia panda wala usipande. Jibu ninalo, na kulinyamazia kunanipa tabu, lakini shamba sasa ni lako. Mwombe mnunuzi aandike kwa mkono wake: anataka desi au kabuli, zile kubwa nyeupe, na kama ni kabuli, punje za milimita ngapi, unyevu usizidi asilimia ngapi, nani analipia kufukiza dawa ya wadudu na cheti cha afya ya mimea, na ushuru ukipanda mzigo ukiwa baharini, hasara ni ya nani. Hilo la mwisho asipolijibu, niambie. Unitumie karatasi hiyo kabla hujalipia mbegu.

Mama yako