Aibu ya Rosa na sisi wa Kusini

Dada, umeuliza kwa nini kwenye Rosa Mistika (1971), riwaya ya Euphrase Kezilahabi, lawama zote zinamwangukia binti, Rosa, na kama huku kwetu Masasi, kusini mwa Tanzania, ingekuwa vivyo hivyo.

Kwanza, Kezilahabi mwenyewe hamtupii Rosa mzigo wote. Zakaria, baba mlevi, anampiga bintiye kisa barua ya mvulana. Malezi ya fimbo tupu ndiyo yanayomponza akishatoka nyumbani. Na kitabu nacho kikapigwa marufuku mashuleni! Kilihukumiwa kama Rosa.

Kwetu kuna tofauti. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa desturi huhesabu ukoo kwa mama, kwa hiyo mtoto wa nje ya ndoa hakosi kwao, wajomba wapo. Lakini usidanganyike, masengenyo hayaishi. Binti akishika mimba, wanawake wanaookota korosho wataanza: "Hivi kungwi wake alimfunda nini?" Mwanaume aliyempa mimba yuko kijiweni anacheza bao, hata salamu hajapungukiwa. Tangu Novemba 2021 serikali inamruhusu aliyejifungua kurudi darasani, ila kuvuka geti huku wenzio wanakuita "mama nanii", huo ni mtihani mwingine.