Daraja la PCI linaonekana, kadi iliyo nyuma yake haionekani

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Ninaandika programu yangu mwenyewe ya mashine pepe. Kadi ya mtandao nikiipachika moja kwa moja kwenye basi namba 0 ya PCI, yaani njia ya pamoja inayounganisha vifaa na kompyuta, inafanya kazi bila shida. Nikiihamishia nyuma ya daraja la PCI, kifaa kinachounganisha basi moja na jingine, Linux iliyo ndani inaliona daraja, lakini kadi haipo kabisa. Msimbo wa kadi nimeukagua mpaka macho yanauma. Nianzie wapi?

JIBU: Salama, ndugu. Iache kadi, kama basi 0 iliikubali, haina hatia. Washa mashine yako, andika lspci -vv (amri ya Linux inayoorodhesha vifaa vya PCI), kisha tazama mstari wa daraja unaoanza na Bus. Nakisia utakuta primary=00, secondary=00, subordinate=00. Ukikuta hivyo, namba za mabasi zinaandikwa, lakini programu yako inazimeza.

Daraja usilichukulie kama waya. Ni kifaa chenye rejista zake (visanduku vidogo vya namba ndani ya kifaa), na anayezijaza si wewe: ni faimwea, programu ya msingi, wakati wa kuwasha, kisha Linux. Sasa, kadi ya kawaida ina nafasi sita za BAR (rejista zinazosema kifaa kiko kwenye anwani gani), kuanzia 0x10 hadi 0x24. Daraja lina mbili tu, 0x10 na 0x14. Pale 0x18, ambapo kadi huweka BAR ya tatu, daraja linaweka baiti tatu: namba ya basi lililo juu yake, ya basi lililo chini yake, na namba kubwa kuliko zote inayofikika kupitia kwake, tuiite namba ya mwisho. Ukiazima msimbo wa kadi ukautumia kwa daraja, Linux ikiandika 0x18 programu yako inadhani ni BAR isiyotumika na inarudisha sifuri. Kosa hilihili liliwahi kunila siku mbili, tena nikilaumu draiva muda wote.

Ukishaliondoa kosa hilo, fuatilia ombi moja kwa macho. Linux ikiandika 0x80010000 kwenye 0xCF8, mlango wa kuulizia vifaa vya PCI, inauliza: basi 1, kifaa 0, kuna nani? Programu yako ipite kwenye madaraja ya basi 0. Ambalo basi lake la chini ni 1 ndilo linalokabidhi swali kwa vifaa vyake; kama namba iliyoulizwa ni kubwa zaidi lakini haijavuka namba ya mwisho ya daraja, swali lishushwe kwa madaraja ya chini. Asipokuwepo mtu, jibu ni biti zote 1. Na tafadhali usijenge jedwali la namba hizi programu inapoanza. Wakati wa kutafuta vifaa, Linux huweka namba ya mwisho kuwa 0xFF kwa muda, kisha huishusha ikishajua hesabu kamili, kwa hiyo soma rejista upya kila ombi linapokuja.

Kadi ikishaonekana, utakutana na madirisha ya kumbukumbu, yaani safu za anwani ambazo daraja hupitisha kwenda chini: mwanzo uko 0x20 na mwisho 0x22. Hapa wengi hujikwaa. Chukua mwanzo 0xFEA0 na mwisho 0xFEA0. Ukitoa moja kwa nyingine unapata sifuri, lakini dirisha hilo lina MB 1 nzima: kutoka 0xFEA00000 hadi 0xFEAFFFFF, kwa sababu biti 20 za chini za mwisho huhesabiwa kuwa 1 zote. Dirisha lililofungwa ni lile ambalo mwanzo umezidi mwisho. Tazama jinsi QEMU, programu huria ya mashine pepe, inavyofanya katika hw/pci/pci_bridge.c: rejista hizo zikiguswa tu, ramani ya madirisha inachorwa upya.

Madirisha ya I/O (anwani za milango ya kuingiza na kutoa data) huenda kwa hatua za KB 4, na x86, familia ya vichakataji vya Intel na AMD, ina KB 64 tu za I/O, hivyo ukipanga madaraja mengi usishangae ya mwisho yakikosa nafasi.

Ishara za kukatiza, ambazo kadi huita nazo kichakataji kupitia pini INTA hadi INTD, ni hesabu fupi: jumlisha namba ya kifaa na namba ya pini, ukihesabu INTA kama 0, kisha chukua baki ya kugawa kwa 4. INTA ya kifaa 1 inatokea juu ya daraja kama INTB. Kadi inayotumia MSI (kukatiza kwa kuandika ujumbe badala ya pini) haihitaji hesabu hii.

Ikiwa baada ya hayo kadi inaonekana, draiva inapakia, ila hakuna pakiti inayotoka, kagua biti 2 ya rejista ya amri, 0x04, kwenye daraja lenyewe. Ikiwa 0, DMA ya kadi (kusoma na kuandika kumbukumbu yenyewe) haipaswi kupanda juu. Linux huiwasha yenyewe. Hakikisha programu yako inaruhusu iandikike.