Adui wako aliumizwa na nani?

Tulikuwa lokesheni Kibaha tukipiga filamu, saa mbili asubuhi, na binti wa mekapu alikuwa anampaka bibi mmoja rangi nyekundu kwenye kingo za macho. Bibi tulimpata kupitia kwa mjukuu wake. Alikuja kucheza mchawi: sini mbili, hana maneno, kazi yake kukaa mlangoni na kutazama watu wakipita.

"Bibi tulia, usifumbe."

"Mnaniweka nini?"

"Macho yawe mekundu kidogo. Si unacheza mchawi?"

Bibi akacheka. Akasema tungempata miaka ile yuko Shinyanga tusingehangaika na rangi, macho ya namna hiyo alikuwa nayo. Kwao kuni zilikuwa za shida, wakipikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka na mabua ya pamba, jikoni kusiko na dirisha. Ukipika hivyo miaka arobaini macho yanaiva. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba ndiyo maana watoto wake walimhamishia Pwani.

Aliyekulia Kanda ya Ziwa hahitaji kuelezwa. Kwa wengine: Usukumani wanawake wazee wamekatwa mapanga kwa miaka mingi kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi "ushahidi" ulikuwa macho hayo. Moshi wa jikoni. Na maneno "macho mekundu" kwenye skripti ile niliyaandika mimi, kwenye mabano, chini ya jina lake, bila kufikiri hata kidogo. Sini tuliipiga hivyo hivyo, maana jua lilikuwa linapanda na kamera ilikuwa ya kukodi.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kuandika filamu, hasa mnaonitumia skripti nizipitie. Wengi wenu mnaanzia pale pale nilipoanzia: mtu anaumizwa, halafu anageuka adui. Wazo hilo linakuja lenyewe, kama wimbo uliousikia kwenye daladala, na ukilifuata bila kuliuliza maswali litakufanya uandike uongo huku ukidhani unaandika huruma.

Skripti yangu ya pili ilikuwa hivyo. Binti anaitwa Tatu, miaka 16, katoka Singida kufanya kazi za ndani Dar. Baba mwenye nyumba anamwingilia usiku. Mama anagundua, anamfukuza Tatu. Miaka inapita, Tatu anarudi kavaa vizuri, hawamtambui, anaingia tena ndani ya nyumba ile na kutia sumu kwenye uji wa watoto. Dakika ya themanini inakuja sini ya kumbukumbu, tunaoneshwa alichofanyiwa. Pingu. Mwisho kabisa baba yuko makaburini, analia, mvua inanyesha.

Niliona nimeandika kitu kizito. Dada aliyepewa nafasi ya Tatu akaja na skripti yake imejaa mistari ya kalamu.

"Kaka, huyu baba anaishia wapi?"

"Kivipi?"

"Nimesoma mpaka mwisho. Mimi nafungwa. Mama anaokoka. Yeye?"

Nikafunua kurasa. Nilikuwa nimempa mvua.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ninalompa kila anayeanza ni hili, na ukilifanya kwa uaminifu hutahitaji mengine mengi. Chukua kalamu, weka alama kila ukurasa ambao aliyetenda ukatili yupo, anaongea, anafanya kitu. Kisha weka alama kila ukurasa ambao aliyetendewa anaonekana wa kutisha. Linganisha.

Utagundua si ugonjwa wa Bongo peke yetu. Kwenye Psycho ya Hitchcock, 1960, mama anayelaumiwa kwa kila kitu ameshakufa miaka kadhaa kabla hadithi haijaanza. Kilichobaki ni maiti, na daktari anayekuja dakika za mwisho kutueleza kijana wake, ambaye ndiye muuaji, aliharibika vipi. Kwenye Split, 2016, mama aliyemtesa Kevin anapita kwa muda mfupi tu, mtoto akiwa kajificha chini ya kitanda, halafu sisi tunabaki na Kevin mtu mzima anayeteka mabinti. Kwenye Joker, 2019, Arthur, ndiye Joker mwenyewe, aliteswa utotoni na mpenzi wa mama yake, na mtu huyo tunamsoma kwenye faili la hospitali. Faili! Mtu aliyemfunga mtoto kwenye bomba la kupasha joto chumba hapati hata sini moja ya kujibu, na Arthur ndiye anayebeba bastola kwenye filamu nzima.

Sisemi hizo ni filamu mbovu. Psycho nimeirudia mara nyingi kuliko sinema yoyote ya kwetu, na wenzangu wanajua. Joker ilivuka dola bilioni moja na Joaquin Phoenix akachukua Oscar, kwa hiyo prodyuza wako ataitaja, jiandae. Ninachosema ni kwamba mbinu moja imetumika hadi imekuwa kama sheria ya nchi: anayeumiza anawekwa nje ya fremu, anayeumia anawekwa katikati na taa ya chini ya kidevu.

Kwenye vibanda vya video tulikokulia, stelingi na adui walijulikana dakika ya tano. Stelingi hafi, adui lazima afe, na mtafsiri akishasema "huyu ndiye adui" mjadala umefungwa. Tulipoanza kuandika wenyewe tukaona tumekua, tukampa adui wetu utoto mbaya ili awe "na sababu". Ila bado tulimwacha afe palepale, watu wapige makofi.

Jambo la pili ni mpangilio, na hapa ndipo naomba mkae na mimi kidogo. Angalia Carrie ya Brian De Palma, 1976. Tunamkuta binti bafuni shuleni, damu ya kwanza ya hedhi inamtoka na hajui ni nini, wenzake wanamrushia pedi na kumcheka. Nyumbani mama yake anamfungia kabatini na kumlazimisha kusali. Unaishi na haya yote, siku kwa siku, kabla ile ndoo ya damu ya nguruwe haijamwagika kichwani mwake siku ya sherehe. Baada ya hapo Carrie anaua ovyo, hata mwalimu aliyekuwa akimtetea. Anatisha kwelikweli. Lakini umemjua kabla hujamwogopa, na waliomtendea umewaona nyuso.

Sasa linganisha na Tatu wangu na kumbukumbu yake ya dakika ya themanini. Kufikia hapo mtazamaji ameshazika watoto wawili. Maumivu yakija kabla ya kosa, mtazamaji anayaishi. Yakija baada ya kosa, yanakuwa utetezi wa wakili, na kila mtu anajua wakili hulipwa ili aseme. Mara tisa kati ya kumi nikisoma sini ya kumbukumbu karibu na mwisho, mwandishi alikuwa na aibu: alijua lazima aieleze, hakutaka tukae nayo.

Mahakama nazo zina uhariri wao. Aileen Wuornos aliua wanaume saba Florida kati ya 1989 na 1990, akauawa kwa sindano ya sumu Oktoba 2002. Filamu juu yake ikatoka 2003, ikampa Charlize Theron Oscar, na jina lake ni Monster, yaani zimwi. Kwenye kesi ya kwanza, Januari 1992, alisema mwanamume wa kwanza aliyemuua alimbaka na yeye akajitetea. Baraza la wazee wa mahakama likamtia hatiani. Baadaye ndipo ikajulikana hadharani kwamba marehemu aliwahi kuwekwa kizuizini miaka kadhaa Maryland kwa kosa la kujaribu kubaka. Waliomhukumu hawakuwahi kuambiwa. Hilo halifuti vifo vingine sita. Lakini mtu fulani aliamua ukurasa upi usomwe na upi ubaki kwenye droo, na hiyo ndiyo kazi yako wewe kila siku. Patty Jenkins, aliyeiandika na kuiongoza filamu ile, aliiweka sini ya ukatili huo mapema, waziwazi, kabla ya risasi ya kwanza. Jina la filamu likabaki pale pale juu, likituuliza zimwi ni nani.

Sasa fikiria anayekutazama. Mwaka 2009 UNICEF, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani (CDC) na Chuo Kikuu cha Muhimbili walifanya utafiti wa ukatili dhidi ya watoto Tanzania, wakahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 katika kila 10 walikuwa wametendewa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Wavulana, kama 1 katika kila 7. Chukua kibanda chenye watu 40, nusu kwa nusu. Hao ni watu wanane au tisa kwenye mabenchi. Hawajatia sumu kwenye uji wa mtu. Wamelipa kiingilio, wana karanga mkononi, na wewe unawaonesha kwamba mtu kama wao mwisho wake ni huu. Mvulana akiona kila mwanamume aliyeharibiwa utotoni anageuka mharibifu, utamtegemea aje amwambie nani?

Kovu nalo. Usimpe adui kovu usoni ili tu tumtambue. Mwaka 2018 Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilisema haitafadhili tena filamu ambazo adui anatambulishwa kwa makovu usoni. Huku kwetu hakuna wa kukuzuia, na mtu wa mekapu anapenda sana kazi ya makovu maana ndiyo inampa sifa. Mwulize tu: hili kovu alilipataje? Kama jibu ni tindikali, au mume, umeshaandika filamu nyingine kabisa.

Halafu kuna shimo la upande wa pili, na wale wenye moyo mzuri ndiko wanakotumbukia. Wakishaambiwa wasimfanye aliyeumizwa kuwa adui, wanamfanya malaika. Hakosei, hasemi uongo, hakasiriki, anatembea na vazi jeupe. Split ile ile inafanya na hili pia: Casey, mmoja wa mabinti waliotekwa, anaachwa hai kwa sababu mwili wake una makovu ya ukatili, zimwi linamwona "safi". Mateso si sabuni. Kwenye toleo jipya la skripti yangu Tatu anaiba sukari, robo robo, anaifunga kwenye mfuko wa nailoni na kumuuzia mama ntilie wa kona. Anamdanganya mama mwenye nyumba usoni. Hampendi mtoto mdogo wa pale na anamfinya pasipo na wa kumwona. Na bado alichofanyiwa ni uhalifu, na bado mwenye hatia ni yule baba.

Kuhusu sini yenyewe ya ukatili: mara nyingi huihitaji. Nilihangaika nayo miezi, kamera ikae wapi, mlango uwe wazi kiasi gani, mpaka nikaifuta na kuandika asubuhi yake. Tatu yuko uani anafua shuka. Ni la pili wiki hiyo. Mama mwenye nyumba anatoka na mkoba wa kazini, anasimama, anaangalia beseni muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Anasema, "Sabuni siku hizi inaisha haraka." Anaingia kwenye gari. Basi. Dada yule mwigizaji aliposoma hapo hakusema kitu, alinirudishia kurasa na kwenda kununua maji.

Msiwageuze manusura kuwa maktaba ya bure. Kabla hujamfuata mtu akusimulie usiku mbaya kuliko yote maishani mwake, nenda kwanza Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, ongea na ofisa ustawi wa jamii, kaa na mwanasheria uelewe kesi inakwamia wapi. Wanayajua mengi na hawavuji damu wakikusimulia. Ukimpata manusura aliye tayari, mlipe kama mshauri, mpe skripti asome, na akisema toa hiki, toa. Hadithi yako ikigusa watoto, weka namba 116 mwishoni kabla ya majina. Inapigwa bure, Tanzania na Kenya.

Prodyuza atakuuliza adui sasa ni nani. Ni swali halali, lina fedha ndani yake. Usimjibu kwa hotuba ya haki za binadamu, atakuona mtu wa semina. Mwoneshe kwamba adui yupo, anakula mezani, anaongoza sala, anachangia harusi za mtaa, na kila mtazamaji anamjua mmoja kama huyo. Huyo anatisha kuliko binti mwenye chupa ya sumu, na gharama yake ni sahani na shati la kunyoosha.

Tatu wangu siku hizi anamalizia kwenye benchi la kituo. Ofisa wa kike anaandika kwa mkono kwenye daftari kubwa, feni haizunguki. Anauliza, "Jina lake?" Tatu anataja. "Yote matatu." Anataja yote matatu. Kalamu inaandika, tunasoma jina la baba yule herufi kwa herufi, na filamu inakatika pale.

Skripti iko kwenye mfuko wangu mpaka leo. Nimewapelekea maprodyuza wawili. Wa kwanza hakujibu. Wa pili aliipenda sana, akauliza tu kama sumu inaweza kurudi.